Fizikia ya Mpemba na Daftari la Mpwa Wangu

Jumapili moja ya masika, mpwa wangu aliyeko kidato cha kwanza alikuja kwangu Mzinga akiwa na daftari lake la kemia. Kwetu Uluguru ukoo hufuata upande wa mama. Kwa hiyo mjomba si mtu wa kusalimiwa na kupitwa. Mtoto wa dada akikujia na shida, huna mlango wa kutokea. Shida yenyewe ilikuwa jaribio la kesho yake, na mada ilikuwa hali za maada.

Tulikaa barazani. Mvua ilikuwa imekatika na mawingu yalikuwa yamekalia mabega ya mlima kama kawaida yao ya mwezi wa nne. Nikamwomba anieleze anachokijua. Akafumba macho, akavuta pumzi, akaimwaga fasili yote kwa Kiingereza, bila kukosea hata herufi, kisha akataja aina tatu: solidi, likwidi na gasi. Nikamuuliza kwa Kiswahili ukungu ule ulioko mlimani uko katika kundi gani. Alifumbua macho, akautazama mlima, akalitazama daftari.

“Mjomba, huo haumo.”

Nimefundisha chuo kikuu kwa miaka kadhaa, na nakiri kuwa jibu hilo lilinichoma kuliko kosa lolote nililowahi kulikuta katika karatasi za mitihani. Mto Mzinga unatelemka kutoka milima hiyo hadi bwawa la Mindu, ambalo ndilo linalotunywesha hapa mjini. Ruvu, inayoinywesha Dar es Salaam, nayo inaanzia Uluguru. Mtoto amezaliwa chini ya mtambo mkubwa kuliko yote wa kugeuza mvuke kuwa maji katika mkoa huu, na mtambo huo haumo katika daftari.

Nikampeleka jikoni. Nikautikisa mtungi wa gesi, nikamuuliza kuna nini ndani. “Gesi,” alijibu bila kusita. Nikautikisa tena, nikamwambia asikilize. Akainama, akasikia mchapo ule ambao kila mama anayenunua gesi mtaani anaujua. “Kuna kama maji,” alisema kwa sauti ndogo, kana kwamba amefumania jambo. Ndivyo ilivyo. Gesi ya kupikia husindiliwa kwa kanieneo kubwa hadi ikawa kimiminika, na hurudi kuwa gesi pale tu inapopata nafasi ya kutoka. Ndiyo maana ukipika muda mrefu kwenye moto mkali, mtungi unakuwa wa baridi na kutoa jasho kwa nje: kimiminika kinapogeuka gesi kinakula joto la chuma, na mvuke uliomo hewani unatonea juu ya chuma hicho. Jasho hilo mara nyingi huishia pale kimiminika kilipofikia, kwa hiyo hukuonyesha pia kiasi kilichobaki. Katika kitu kimoja cha jikoni mna yabisi, kimiminika na gesi, na mabadiliko ya pande zote mbili.

Mpwa wangu alifurahi. Kisha akauliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike makala hii: “Mjomba, nikiandika hivyo kesho, nitapata?”

Sikuwa na jibu la haraka. Badala yake nikamsimulia habari za mwanafunzi mwingine, na ningependa kuzisimulia hapa kwa urefu zaidi. Watumishi wa umma na wanaharakati wengi wanaosoma kurasa hizi wanalijua jina la mwanafunzi huyo, lakini hawajui yaliyompata.

Mwaka 1963, Tanganyika ikiwa na miaka miwili tu ya uhuru na Muungano ukiwa haujazaliwa, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba. Wavulana wa shule hiyo walikuwa na kawaida ya kujitengenezea aisikrimu. Walinunua maziwa kwa akina mama wa jirani, wakayachemsha, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayaweka kwenye sehemu ya kugandishia ya jokofu. Jokofu lilikuwa dogo na wavulana walikuwa wengi. Siku moja mwenzake mmoja, alipoona nafasi zinakwisha, alichanganya maziwa na sukari bila kuchemsha akawahi kuyaweka. Mpemba, ambaye yake yalikuwa yametoka motoni wakati huohuo, alijua akisubiri yapoe ataikosa trei ya mwisho. Akaamua kuhatarisha jokofu la watu: akayaweka yakiwa ya moto.

Baada ya saa moja na nusu walirudi wote wawili. Ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Alimuuliza mwalimu wake wa fizikia kwa nini imekuwa hivyo. Mwalimu alimjibu kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Mpemba alilikubali jibu hilo, na hapa ndipo penye uchungu wa kisa hiki. Mtoto aliyeona kwa macho yake alikubali kuwa hakuona. Baadaye, wakati wa likizo, alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aisikrimu Tanga mjini. Rafiki huyo alimweleza kuwa yeye huweka mchanganyiko ukiwa wa moto ili ugande upesi. Na si yeye peke yake. Wauzaji wenzake walifanya vivyo hivyo. Kwa maneno mengine, jambo lililokuwa haliwezekani darasani lilikuwa likifanyika kila siku mtaani, na watu walikuwa wakilia riziki.

Alipofaulu na kwenda Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, mada ya kwanza ya fizikia ilikuwa joto. Mwalimu alipofundisha kanuni ya Newton ya upoaji, Mpemba aliuliza swali lake tena. Jibu la safari hii lilikuwa la kejeli: aliambiwa kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo, akikosea hesabu, mwalimu alisema kuwa hiyo ni hisabati ya Mpemba, na darasa zima likauchukua msemo. Lakini sasa alikuwa mkubwa kidogo. Siku moja alikuta maabara ya biolojia iko wazi na haina mtu, akachukua bika mbili ndogo, akatia maji ya bomba katika moja na maji ya moto katika nyingine, akaziweka kwenye jokofu. Akaona tena kile alichokiona Magamba.

Kisha akaja mgeni. Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, alialikwa Mkwawa kuzungumza juu ya fizikia na maendeleo ya taifa. Ulipofika wakati wa maswali, Mpemba alisimama. Ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji ya ujazo sawa, kimoja kikiwa na nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka katika jokofu, kile cha nyuzi 100 hutangulia kuganda, kwa nini? Wenzake walicheka. Baadaye walimlaumu kwa kuwaaibisha mbele ya mgeni. Osborne mwenyewe hakuamini, lakini alimuuliza kitu ambacho walimu wawili wa kwanza hawakukiuliza: je, umelijaribu?

Aliporudi Dar es Salaam alimpa fundi wa maabara kazi ya kulipima. Fundi alirudi na habari kwamba kweli maji ya moto yametangulia, ila akaahidi kuendelea kurudia hadi yapatikane majibu sahihi. Nimelisoma jambo hili mara nyingi na kila mara nacheka, kisha nakumbuka ni mara ngapi nami nimerudia hesabu hadi ikakubaliana na kitabu.

Mwaka 1969 makala ya Mpemba na Osborne ilichapishwa katika jarida la kufundishia fizikia nchini Uingereza. Wakati huo Mpemba alikuwa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori, Mweka, na kazi yake ya maisha ikawa wanyamapori, wala si fizikia. Mwaka huohuo George Kell wa Kanada aliandika juu ya jambo hilohilo bila kuwajua. Ikagundulika pia kuwa Aristotle, Bacon na Descartes walikuwa wameligusa karne nyingi kabla. Lakini jina lililobaki ni la kijana wa Magamba.

Niwe mwaminifu kwa wanafunzi wangu, maana wako wanaolishangilia jina hili kama bendera bila kusoma kilichoandikwa. Jambo hilo halijafungwa. Osborne alitandaza tabaka la mafuta juu ya maji ili kuzuia mvukizo, akaona kuganda kunachelewa sana; akahisi kuwa joto kubwa hutokea juu, na kwamba msafara wa maji ndani ya chombo huufanya uso ubaki wa moto zaidi. Wengine wametaja mvukizo unaopunguza ujazo, wengine hewa iliyoyeyuka ndani ya maji, wengine maji kupoa chini ya sifuri bila kuganda. Mwaka 2012 jumuiya ya kifalme ya wanakemia wa Uingereza ilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora, ikapokea maelezo yapatayo 22,000. Mwaka 2016 wanasayansi wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima upya kwa uangalifu wakasema hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba jambo hilo lipo katika maji ya kawaida. Hata mahali pa kuwekea kipimajoto pangeweza kumpotosha mtu. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer, wa Kanada, waliliona waziwazi kwa chembe ndogo sana ndani ya maji. Inawezekana kabisa kwamba yule mwalimu wa Magamba alikuwa na haki ya kutilia shaka. Alichokosa ni haki ya kufunga mjadala bila kupima.

Napenda kulisisitiza hilo, kwa sababu katika nchi yetu tumezoea kuwatetea wadogo kwa kusema kuwa wadogo ndio wenye kweli. Si lazima wawe nayo. Mkulima anaweza kukosea, mwanafunzi anaweza kukosea, hata muuza aisikrimu wa Tanga anaweza kuwa na desturi isiyo na msingi. Wanachostahili ni swali lile la Osborne.

Hapa Uluguru tunalo tukio letu wenyewe la swali ambalo halikuulizwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wa matumizi ya ardhi, ukawalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko. Nia iliyotajwa ilikuwa njema: kuzuia mmomonyoko na kulinda mito. Wakulima walilalamika kuwa matuta yanafukia udongo mzuri wa juu na kuleta juu udongo mfu, na kwamba maji yakisimama kwenye ngazi, mlima unateleza. Waliambiwa, kwa lugha ya utawala, kile alichoambiwa Mpemba. Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, na mpango ukaachwa. Miaka 15 baadaye, Februari 1970, mvua ya saa chache iliyopita milimita 100 ilishuka Mgeta, ikasababisha maporomoko zaidi ya elfu moja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden waliyahesabu na kuyachora. Udongo, ambao daftari la mpwa wangu linauweka katika kundi la yabisi, ukishiba maji hutiririka kama uji, ukabeba na mahindi na nyumba. Mtoto wa Mgeta anaweza kukueleza hilo vizuri zaidi kuliko kitabu, akiulizwa kwa lugha anayoijua.

Hapo ndipo wengi mnaponisubiri, najua: lugha.

Istilahi zetu za maada zina historia yake, nayo si ya aibu. Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia shule ya msingi yote, katika mwaka uleule wa Elimu ya Kujitegemea, 1967, Baraza la Kiswahili la Taifa lilikuwa ndiyo kwanza linaundwa, na walimu walihitaji maneno ya kesho asubuhi. Maada ilitoka Kiarabu. Kwa kitu kigumu, baadhi walichukua yabisi, neno la Kiarabu la ukavu ambalo bibi zetu walilijua kwa ugonjwa wa baridi yabisi; wengine wakachukua mango, jina la jiwe gumu la mviringo. Kimiminika kilizaliwa hapahapa, kutokana na kumimina, na kwa maoni yangu ndilo neno zuri kuliko yote: linakueleza kitu kinavyofanya kabla hujafasiliwa. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Kazi ya maneno, kwa hiyo, ilifanyika. Anayesema Kiswahili hakina msamiati wa sayansi hajaingia maktaba.

Hata hivyo, maneno kuwapo ni jambo moja na kufundishia ni jambo jingine. Chukua kuganda. Kwa Kiswahili maji huganda, damu huganda, na maziwa huganda, lakini maziwa ya mgando hayajapoteza joto lolote; yamechachuka. Chukua kuyeyuka: barafu huyeyuka juani, na sukari nayo, kwa wasemaji wengi, huyeyuka katika chai, ijapokuwa moja imebadili hali na nyingine imechanganyika tu. Mtu wa kawaida akiona mvuke juu ya sufuria husema moshi. Mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili anayaona magugu haya mapema, kwa sababu mtoto anasema anachofikiri, na mwalimu anapata pa kupalilia. Anayefundisha kwa Kiingereza kwa mtoto wa kidato cha kwanza hayaoni. Mtoto amefumba macho, anakariri. Magugu yako palepale chini ya sentensi safi.

Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ililiona jambo hili. Katika ripoti yake ya mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985 na kifike vyuo vikuu mwaka 1992. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ililirudisha kwa maneno, na wengi wetu tukaandika makala za furaha, mimi nikiwamo. Leo mpwa wangu anafanya jaribio kwa Kiingereza. Aliyesoma miaka yote ya msingi akijua kimiminika, anaamka siku moja ya Januari anaambiwa kimiminika hakipo tena.

Naomba nisieleweke vibaya. Mimi mwenyewe nahadhiri kwa Kiingereza, na mshahara wangu unalipwa kwa ajili hiyo. Mpemba naye aliuliza swali lake kwa Kiingereza mbele ya mgeni Mwingereza, na aliyemcheka hakumcheka kwa sababu ya lugha. Ningependa Kiswahili kifundishe sayansi hadi chuo kikuu, lakini sitadai kuwa siku hiyo ikifika watoto wataanza kuuliza. Mwalimu anayesema “haiwezekani” anaweza kulisema kwa lugha yoyote. Nilikuwa na mmoja. Nilipokuwa sekondari, katika shule ambayo sitaitaja, nilimuuliza kwa nini maji ya mtungi wa udongo ni ya baridi kuliko maji ya ndoo ya plastiki zilizokaa kivuli kimoja. Aliniambia ni mawazo yangu. Nilikuja kujua nikiwa mtu mzima kwamba maji hupenya vinyweleo vya udongo, yakavukia nje, yakaondoka na joto. Ni jambo lilelile la mtungi wa gesi kutoa baridi. Wafinyanzi wa Uluguru walikuwa wakiuza elimu hiyo sokoni muda wote huo, mimi nikiandika fasili.

Niliandika hapo juu kuwa nilichomwa na jibu la mtoto. Sababu haikuwa ukungu.

Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019, asubuhi, lori la mafuta lilipinduka hapa Morogoro, karibu na Msamvu. Watu walikimbilia na madumu. Moto ukalipuka. Waliokufa siku ile na wale walioendelea kufia hospitalini walizidi 100. Rais Magufuli alitangaza siku tatu za maombolezo. Kila mtaa wa mji huu una nyumba inayolijua jambo hilo bila kuhitaji maelezo yangu, na ningeliacha kama siyo kwamba mjadala uliofuata nchini ulinichukiza. Tulisikia kwenye redio na mitandaoni kwamba watu walikuwa na tamaa. Tulisikia kwamba walikuwa wajinga. Mtu anayekimbilia lita tano za petroli kwa sababu zitamlipia kodi ya chumba hana tamaa kuliko waliosema maneno hayo wakiwa ofisini. Umaskini ndio uliowapeleka pale.

Kuhusu ujinga, nauliza: wengi wao walipita shule ya msingi, na katika shule ya msingi wote walijifunza kwamba maada ina hali tatu. Walifaulu swali hilo. Nani aliwaambia kwamba petroli unayoiona ndani ya dumu siyo ile inayowaka? Kinachoshika moto ni mvuke wake. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Katika joto la Morogoro, dimbwi la petroli barabarani linavukiza mfululizo tangu sekunde ya kwanza. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hauruki juu kama moshi wa kuni tuliouzoea tangu utotoni. Unatambaa chini, unajaza mitaro, unazunguka miguu ya waliosimama mbali wakidhani wako salama kwa sababu hawajagusa kimiminika. Cheche moja popote katika wingu hilo inatosha. Gesi ya jikoni nayo ikivuja hufanya hivyo: hutulia sakafuni, na anayenusa juu ya meza haisikii mapema.

Haya yote yamo ndani ya mada ya hali za maada. Hayahitaji maabara. Yanahitaji mwalimu anayeweza kusema “mvuke” mtoto akaelewa tofauti yake na moshi, na mtihani utakaompa mtoto alama kwa kueleza hivyo. Sidai kwamba somo zuri lingewazuia watu wote siku ile. Njaa haisikilizi kemia. Nadhani lingewafanya wachache wasimame mbali zaidi, na wachache hao wana majina na watoto.

Ndiyo maana swali la mpwa wangu, kama atapata, lilinikalia vibaya. Nilimjibu ukweli: pengine hatapata. Nikamwambia aandike fasili kama alivyopewa, kwa sababu alama zake si mali yangu ya kuchezea kamari, halafu katika daftari jingine, la kwake, aandike aliyoyaona jikoni. Sijivunii jibu hilo. Ni jibu la mtu aliyekubali kuwa kuna elimu ya mtihani na elimu ya kuishi, na kumgawia mtoto madaftari mawili. Wenzangu walioko wizarani na katika vyombo vya mitihani, ambao najua baadhi yenu mnasoma hapa, ndio mnaoweza kuyafanya kuwa moja. Sihitaji mniandikie kuhusu bajeti. Swali juu ya mtungi wa gesi halina gharama kubwa kuliko swali la kutaja aina tatu.

Kabla hajaondoka aliomba tujaribu jambo la Mpemba. Tulichukua vikombe viwili vya bati vinavyolingana, tukapima maji kwa kijiko kikubwa ili yawe sawa, kimoja tukatia maji ya birika na kingine ya bomba, tukaviweka kwenye friza ya shangazi yake, ambaye aliondoa samaki wake kwa manung’uniko. Akaandika saa ya kuanza. Akachora vikombe. Dakika ya 40 umeme ukakatika, ukarudi saa nne usiku wakati yeye amekwisha kurudi kwao. Nilifungua friza nikakuta vikombe vyote viwili ni maji tu, na cha moto kimepungua kidogo.

Nilimpigia simu kumpa habari. Alinyamaza, kisha akauliza kimepungua kwa kiasi gani, na kama nilikuwa nimekifunika.